Kipa wa Akiba

Jumapili, 3 Februari 1957

Daftari hili kwa nje limeandikwa JIOMETRI. Nimeliacha hivyo makusudi, maana bwenini kwetu hakuna mtu anayegusa jiometri bila kulazimishwa.

Jana karatasi ya timu ya mpira ilibandikwa kwenye mlango wa bwalo, na chini kabisa, kwa mwandiko wa Bwana Thorley, kuna maneno haya: "Kipa wa akiba: Asukile Sedekia." Ndiye mimi. Darasa la kumi, miaka kumi na sita, msaidizi wa maktaba. Katika shule hii sijawahi kugusa mpira ila siku ulipodondoka juu ya kitabu nilichokuwa nasoma.

Chanzo ni chupa ya wino. Bwana Thorley, mwalimu wetu wa useremala, alikuja maktaba kutengeneza rafu. Kiwiko chake kikagonga chupa mezani, nami nikaidaka kabla haijafika sakafuni. Wala sikufikiri. Aliitazama mikono yangu kwa muda, kama anavyoutazama ubao kabla ya kuukata. Kisha akasema, "Kesho uje uwanjani."

Kila mvulana hapa anajua kwamba Bwana Thorley alikuwa kipa wa Uingereza. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimepinda, na inasemekana vilivunjwa na shuti la Mskoti.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: nataka kucheza. Mechi moja tu ya kweli. Jumatatu ya Pasaka timu itakwenda kucheza Mbeya, na baba atakuwepo. Baba anaamini mimi nina macho tu, ya kusomea. Nataka anione nina mikono.

Jumanne, 5 Februari

Mvua tangu asubuhi. Ukungu umefunika bonde lote, Iringa mjini haionekani kabisa. Nilidhani mazoezi yamefutwa. Bwana Thorley akaja mpaka mlangoni mwa bweni, maji yakimtiririka puani, anacheka. Anasema kwao mpira maana yake ni tope.

Mpira tumeupaka mafuta ya ng'ombe ili usinywe maji, lakini unakunywa tu. Baada ya nusu saa unakuwa mzito kama boga.

Kipa wa kwanza ni Bartholomeo, Mhehe wa hapa hapa Iringa, mrefu kiasi kwamba mlango wa bweni anauingia kwa kuinama. Ana sauti ya mtu anayenadi ng'ombe mnadani. Alinipa mkono akasema, "Karibu, Bibi Maktaba. Hapa hatudaki wino."

Jumatano, 6 Februari

Mvua.

Jumamosi, 9 Februari

Leo nimechekwa na uwanja mzima.

Beki wetu wa kati ni Jailos. Yuko darasa la kumi na mbili, ana miaka kumi na tisa, na ni baba yangu mdogo: mtoto wa mwisho wa babu, tumbo moja na baba. Watu wa Iringa wanaona ni kichekesho, lakini kwetu Unyakyusa ndugu wa baba ni baba, hata kama mmepishana miaka mitatu. Humwiti kwa jina lake. Humwambii acha, toka, wala rudi. Ukiwa na haja unaomba, tena kwa sauti ya chini.

Bwana Thorley alinipa goli kwa nusu ya pili ya mazoezi. Mpira ulipigwa juu kutoka kulia. Ulikuwa wangu, nilijua ni wangu. Lakini Jailos naye alikuwa anaufuata kinyumenyume, akiutazama juu. Nilifungua mdomo nikasema, "Baba mdogo, samahani, naomba..." Akanigonga kifuani kwa mgongo wake. Mpira ulikuwa wavuni kabla sijafikia kile ninachoomba.

Bartholomeo alijilaza chini kabisa, ameshika tumbo. "Mwandikie barua!" alipiga kelele. "Usisahau stempu!"

Bwana Thorley hakucheka. Alikuja na Kiswahili chake cha uwanjani: "Wewe hapana omba. Wewe sema: Jailos, acha! Maneno mbili. Basi."

"Ndiyo, Bwana."

Mpira ulikuja hivyo mara tatu tena. Mara tatu mdomo wangu ulikataa. Akanitoa, akamrudisha Bartholomeo.

Jumapili, 10 Februari

Nilikuwa namfulia Jailos shati lake mtoni, kama kila Jumapili. Yeye amekaa juu ya jiwe anachana nywele. Nilimweleza matakwa ya Bwana Thorley.

"Na wewe unaonaje?" akaniuliza.

"Sina neno, baba mdogo."

"Mimi ninalo. Ukiniita jina mbele ya watu, Fanueli atasikia." Fanueli anacheza wingi ya kushoto, naye ni wa kijiji chetu. "Fanueli akisikia, likizo ikifika mlima mzima umesikia. Nitakayeulizwa ni mimi: mtoto wa kaka yako umemfundisha nini huko?"

"Labda niseme Tata tu. Ni neno fupi."

"Tata, halafu acha? Umewahi kumsikia mtu anamwambia baba yake acha?"

Sijawahi.

"Kwanza kola haijatakata," akasema.

Jumamosi, 16 Februari

Tumecheza na makarani wa mjini. Tumeshinda tatu kwa moja. Nilikaa kwenye boksi la vifaa, koti la Bwana Thorley juu ya magoti yangu.

Jumamosi, 23 Februari

Tosamaganga, kwao. Sare. Mvua ya mawe. Boksi, koti.

Jumanne, 26 Februari

Barua ya baba. Mama hajambo, viazi vinaoza shambani kwa maji, ng'ombe mwekundu amezaa. Halafu: "Nasikia umo katika mpira. Sikatazi, ila vitabu vitangulie. Jailos yuko hapo badala yangu. Umtii kama unavyonitii mimi."

Nimeisoma mara mbili. Kuna siku natamani ningekuwa yatima wa baba wadogo. Nimeandika hilo na nimelijutia, lakini sitalifuta, maana nimeahidi daftari hili litakuwa la kweli.

Jumamosi, 2 Machi

Leo nilijaribu ujanja. Badala ya jina, nilipiga kelele "Wangu!" Sauti ilitoka, nyembamba lakini ilitoka. Jailos aliurukia mpira ule ule, Fanueli naye, nami nikawa wa tatu. Tulianguka wote kama kuni.

"Wangu ya nani?" Bwana Thorley aliuliza. "Kwenye upepo kila mtu iko na wangu. Mtu nageuza kichwa kwa jina yake."

Jioni nilikwenda nyuma ya jiko la shule, mahali pasipo na mtu, nikajizoeza. Nililikabili rundo la kuni nikasema, "Jailos, acha." Mara ya tano nilikuwa nimefikia sauti nzuri. Mpishi akachungulia: "Jailos hayupo hapa, nenda kamtafute mabwenini."

Jumanne, 5 Machi

Bwana Thorley ameleta maktaba kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa. Humo amebandika vipande vya magazeti vya enzi zake za mpira. Unyevu wa masika umeiyeyusha gundi yote. "Vibandike upya," aliniambia kwa Kiingereza. "Usibadilishe mpangilio." Alisema hivyo bila kunitazama, akaenda zake.

Nimepika gundi ya unga wa ngano. Kila ukurasa naufunua kama nimeshikishwa Biblia ya kwanza duniani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemaliza, na heri nisingeanza.

Klabu yake ni ya mji uitwao Marshgate, Daraja la Tatu Kaskazini. Chini ya daraja hilo, kama nilivyoelewa, ligi yao haina daraja lingine. Msimu baada ya msimu nilitafuta jina lake kati ya majina kumi na moja. Kipa ni mtu aitwaye Baines. Baines, Baines, Baines. Thorley anapatikana mwisho wa habari, katika mstari mmoja: "Thorley alishika nafasi ya Baines, mwenye mafua." Gazeti moja linasema, "Thorley hana lawama katika mabao yote matano." Sijui kama hiyo ni sifa.

Hakuna Uingereza. Hakuna Mskoti. Vidole vilivunjwa na mlango wa gari moshi, wakati timu inasafiri na yeye hachezi.

Nimehesabu. Misimu kumi, ukiacha miaka ya vita. Mechi ishirini na moja.

Nina hasira, na sijui namkasirikia nani. Mtu anayenifundisha jinsi ya kuipata nafasi, yeye mwenyewe hakuipata.

Jumamosi, 9 Machi

Tumeshinda tena, mimi nikiwa kwenye boksi.

Jioni bwaloni, Bartholomeo alikuwa anaonyesha jinsi alivyodaka. Sahani ya uji ndiyo mpira. Akaniona. "Bibi Maktaba, unajua kwa nini Bwana hakupangi? Kipa wa Uingereza akimwona kipa mwenzake anamjua. Aliniona mimi akajua. Alikuona wewe akakumbuka kwamba rafu zinahitaji kufutwa vumbi."

Watu wakacheka. Nikasimama.

"Hakuwa kipa wa Uingereza," nikasema. "Alikuwa wa akiba. Daraja la Tatu. Misimu kumi, mechi ishirini na moja. Nimesoma mwenyewe."

Kila mtu alisikia mpaka meza ya mwisho, maana sauti yangu ilikuwa safi, haikutetemeka hata kidogo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupaza sauti katika shule hii.

Kisha kicheko kikaanza upande wa dirishani, kikaenea, na hakikuwa juu yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Karakana ya useremala. Tulipoingia, ubaoni palikuwa na picha ya chaki: mtu mwenye pua ndefu na vidole vilivyopinda, amekaa kwenye benchi. Chini yake: AKIBA.

Bwana Thorley aliingia, akaning'iniza kofia, akaiona. Akaisogelea. Halafu akachukua chaki.

"Benchi hii ina miguu tatu tu," akasema. "Itaanguka."

Akachora mguu wa nne. Akachora kiungo cha mguu na ubao, vipimo pembeni, inchi kwa inchi. "Leo tunatengeneza benchi," akasema. Na kweli tukaanza kutengeneza benchi, huku yule mtu wa chaki akitutazama kipindi kizima.

Mara moja alipita nyuma yangu nikiwa napiga randa. Aliurekebisha mkono wangu, akapita.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Mechi imeahirishwa. Barabara ya mjini imekatika.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Nakutana naye kila siku na kila siku natafuta njia nyingine ya kupita.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nilimpelekea kitabu chake nyumbani. Nilikuwa nimekificha maktaba siku kumi na tatu kwa woga. Alikuwa barazani anapaka mpira mafuta. Aliongea Kiingereza, polepole, nami naandika kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka.

"Umehesabu ishirini na moja?"

"Bwana, nilikosa sana. Sikupaswa..."

"Nakuuliza hesabu."

"Ishirini na moja, Bwana."

"Mimi huhesabu ishirini na mbili. Moja ilivunjwa na ukungu dakika ya sabini. Kwa kanuni haihesabiwi. Lakini mimi nilicheza dakika zile sabini, na sikufungwa."

Nikasema sikuiona kitabuni. Akasema magazeti hayakuiandika, nani angeona?

Nilidhani ameniruhusu kuondoka, lakini alinisogezea kiti.

"Uingereza walisema wanafunzi, mimi sikusema," akasema. "Lakini pia sikukanusha. Ilikuwa tamu kidogo." Akaendelea kupaka mafuta. "Mechi ya kumi na nane, kwa hesabu yako. Januari ya mwaka wa arobaini na saba. Kombe, mbele ya timu kubwa ya Daraja la Kwanza. Baines mgonjwa. Watu elfu kumi na tano. Bao moja kwa moja, zimebaki dakika nne. Mpira unakuja juu, kama ule unaokuja kwako. Beki wetu wa kati alikuwa nahodha, mtu mzima, yumo klabuni tangu mimi mtoto. Nilikuwa namheshimu sana."

"Hukumwita, Bwana?"

"Nilimwita. Kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani."

Waligongana. Goti la nahodha halikupona tena, na mpira ukaingia. Mechi zile nyingine tatu zilikuja baadaye, moja moja, kila Baines alipopata mafua.

"Baines hakuwa na mikono kunishinda," akasema. "Alikuwa na mdomo."

Nilimweleza basi, kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu, habari za baba mdogo, barua ya baba, na Fanueli. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia aseme ni upuuzi wa kishenzi, kama mwalimu fulani angesema. Hakusema.

"Hilo ni gumu," akasema. "Langu lilikuwa rahisi kuliko lako, na nilishindwa. Siwezi kukuambia ufanye nini nyumbani kwenu. Ninaweza kukuambia tu kwamba heshima yangu ilimvunja goti."

Nikauliza kama amenisamehe. Akanipa mpira. "Upake upande wa pili."

Jumamosi, 6 Aprili

Benchi letu limekamilika na limepelekwa uwanjani. Mimi ndiye niliyelizindua. Ni imara, nimelipima kwa dakika tisini.

Jumamosi, 13 Aprili

Karatasi ya safari ya Mbeya imebandikwa. Kipa: Bartholomeo. Kipa wa akiba: mimi. Sikutegemea kingine, na bado nimeshindwa kula.

Jumamosi, 20 Aprili, njiani

Tuliondoka shuleni jana alfajiri, Ijumaa Kuu, timu nzima nyuma ya lori na Bwana Thorley mbele na dereva. Mpaka Sao Hill tuliimba. Baada ya hapo tope. Tulipoteremka uwanda wa Usangu, karibu na njia ya Rujewa, maji yalikuwa yamefunika barabara na mpunga wa watu, huwezi kujua kipi ni kipi. Lori likazama mpaka ekseli.

Tulisukuma tangu saa nane mpaka jua linakaribia kuzama. Lori liliporuka kutoka shimoni, ubao wa nyuma ulifunguka ukaanguka, na mkono wa kulia wa Bartholomeo ulikuwa pale. Alipiga yowe moja. Halafu akakaa chini kwenye maji, ameushika mkono kama kifaranga.

Bwana Thorley aliufunga kwa vipande vya mbao na shati lake mwenyewe. Vidole viwili vimevunjika. Vidole vile vile, ila mkono mwingine.

Nimekuwa nikiomba nafasi tangu Februari. Sikuomba ije hivi. Asubuhi hii Bartholomeo alikaa karibu nami juu ya magunia, macho mekundu. Baada ya maili nyingi akasema, "Usije ukamwandikia barua."

"Sina stempu," nikasema.

Akacheka, kisha akaanza kulia, nami nikatazama milima.

Jumapili ya Pasaka, 21 Aprili, nyumbani

Kulipopambazuka tulikwenda makaburini kuimba, kama kila Pasaka. Umande mzito, tarumbeta za kanisa zikikohoa kwa baridi. Jailos alisimama safu ya baba, mimi safu ya watoto. Baada ya ibada baba alimwuliza, "Kesho mtoto atacheza?" Jailos akasema, "Atacheza, kaka." Baba akasema, "Tutakuja na wazee."

Wazee.

Jumanne, 23 Aprili

Ya jana naandika leo, kwa sababu jana mikono haikushika kalamu.

Uwanja wa Mbeya, mlima ukiwa umejificha mawinguni. Timu yao ni ya mjini, makarani na mafundi wa gereji, watu wazima wenye ndevu. Nyuma ya kamba, upande wangu hasa, alisimama baba na wazee watatu wa kanisa, wamevaa makoti ya ibada. Mvua ilianza kabla refa hajapiga filimbi. Bwana Thorley alinipa glavu zake za sufu, zile zilizomo katika picha za kitabuni. "Zikilowa zinashika vizuri zaidi," akasema kwa Kiingereza.

Dakika kumi na tano za mwanzo nilidaka mbili za chini. Kisha ukaja ule. Niliuona tangu unaondoka mguuni mwa wingi wao: juu, kutoka kulia, unazunguka na kurusha maji. Wangu. Jailos anarudi kinyumenyume. Nilifungua mdomo. Nyuma yake, moja kwa moja, nilimwona baba. Nikafunga mdomo, nikaruka kimya.

Kichwa changu kilimpata Jailos usoni. Nilipoinua macho mpira ulikuwa wavuni na baba mdogo amepiga magoti, damu inamtoka mdomoni, inachanganyika na mvua.

Moja kwa bila. Mpaka mapumziko niliiepuka mipira yote ya juu, nikabaki kwenye mstari kama nguzo ya tatu. Nguzo na mabeki ndio walioniokoa.

Wakati wa mapumziko Bwana Thorley hakunisogelea. Alikuwa anafuta mpira. Aliyekuja ni Jailos, mdomo umepasuka na kuvimba.

"Asukile."

"Naam, baba mdogo. Samahani sana, baba mdo..."

"Kichwa chako ni kigumu. Nimekutana nacho mara moja, sitaki kukutana nacho tena. Niite."

"Baba yuko pale."

"Namwona. Ni kaka yangu, ninamwogopa tangu kabla wewe hujazaliwa. Niite."

"Na Fanueli?"

Fanueli alikuwa karibu anakamua jezi yake. "Mimi leo nina maji masikioni," akasema.

Kipindi cha pili Bartholomeo alikuja akasimama nyuma ya goli langu, mkono kwenye tanzi la kitambaa, mvua ikimnyeshea. Sikujua amekuja kunicheka au vipi. Mpira wa juu ulipopigwa tena, nilimsikia nyuma yangu kwa ile sauti yake ya mnadani: "Bibi Maktaba! Soma kwa sauti!"

Na nikasikia sauti nyingine inasema, "Jailos, acha!"

Ilikuwa kubwa. Ilikwenda mpaka kamba ya upande wa pili. Jailos hakugeuka hata kutazama. Aliinama tu, kama mtu anayepita chini ya tawi, na mpira ukaja juu ya kichwa chake mpaka kifuani mwangu, mzito, baridi, unanuka mafuta ya ng'ombe. Niliukumbatia. Sikutazama upande wa wazee.

Baada ya hapo nilimwita kila ulipokuja. Jailos, acha. Jailos, kushoto. Jailos, toka. Hawakufunga tena.

Nasi hatukufunga. Tumeshindwa moja kwa bila, na goli lile ni langu. Nilipotoka nilidhani nitalia, nikaona sina nafasi, maana Bwana Thorley alikuwa amesimama kwenye kona, maji yakimtiririka puani.

"Mechi moja," akasema. Akatazama juu, mlima ulikuwa umeanza kujitokeza. "Wala haikuvunjwa na ukungu. Hiyo inahesabiwa."

Nilimrudishia glavu. Akazitia mfukoni bila kuzikamua.

Lori lilipotushusha barabarani, baba alitangulia njia yote ya mlimani, koti lake linavuja, na sisi wawili nyuma yake, Jailos na mimi, kama wahalifu.

Jumatano, 24 Aprili

Leo asubuhi baba ametuita sebuleni. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Jailos alipewa kiti, mimi nilisimama.

"Nilisikia jina la ndugu yangu linapigiwa kelele na mtoto wangu," baba akasema. "Mara kumi. Wazee nao walihesabu. Mzee mmoja alidhani ni kumi na moja."

Kisha akauliza:

"Ni lazima?"

"Ni lazima, baba. Nisipomwita tunaumizana. Ile ya kwanza sikumwita."

Baba aliutazama mdomo wa Jailos kwa muda. "Ile niliiona," akasema. Akafikiri. Mvua ilikuwa imekatika, na kimya cha bati kilikuwa kipya kwetu, tuliozoea kelele zake. "Mikono unayo," akasema hatimaye, kama mtu anayetoa ushahidi asioupenda. "Basi huko uwanjani fanyeni kazi ya uwanjani. Lakini ukirudi hapa, kila muhula, utamwomba radhi baba yako kabla hujala. Anza."

Mama akanipa kibuyu cha maziwa ya yule ng'ombe mwekundu. Nikapiga magoti mbele ya Jailos, nikakishika kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Nikasema kwamba nilimwita kwa jina lake mbele ya watu, na kwamba namwomba anisamehe. Nilisema kwa sauti ya chini, inavyotakiwa, na sikukosea hata neno moja.

Jailos alikaa wima, uso mzito, mdomo umevimba, baba kamili. Akaniacha hapo kwa muda unaostahili. Kisha akainama kukipokea kibuyu, na alipofika karibu na sikio langu akanong'ona:

"Ile ya tatu ulichelewa. Muhula ujao uniite mapema."

"Ndiyo, baba mdogo," nikasema.